Je, Wajua? Embe la Nanighi Linapovuka Bahari

Je, wajua kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakitia maembe kwenye siki zaidi ya miaka 100 kabla Vasco da Gama hajazaliwa? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Akaeleza kwamba tunda hilo likiiva huwa tamu na huliwa hivyo hivyo, ila likiwa bichi huwa kali kama ndimu na hapo ndipo hutiwa siki. Alipoendelea hadi Mombasa akakuta ndizi, ndimu na zambarau. Mto Tana unaingia baharini kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo anayesema kwamba mwembe ulikuja pwani na Wareno anakosea kwa zaidi ya karne nzima.

Je, wajua Nanighi iko wapi? Iko ukingoni mwa Tana, kati ya Garissa na Hola, upande wa nchi ambako mvua ni haba na jua ni kali. Mwembe hauishi hapo kwa mvua, huishi kwa mto. Mizizi hufuata unyevu wa ukingo, na kila mafuriko yanapopungua huacha tope jipya lenye rutuba lililochukuliwa huko juu, Mlima Kenya na Aberdare. Nje ya ukingo ni nyika na mifugo. Ndani ya ukingo, kuanzia hapo hadi kwa Wapokomo wa Hola, Garsen na Ngao, ni migomba, miembe, mipapai na matikiti.

Na je, wajua kwamba Tana unaingia baharini Kipini kwa sababu ya mfereji uliochimbwa na watu? Karne ya 19, katika zama za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi yenye mazao ishuke hadi Kipini bila kuzunguka. Maji yakaupanua mfereji ule mwaka hadi mwaka, na hatimaye mto mkubwa wenyewe ukahamia huko. Mto mrefu kuliko yote nchini Kenya ulibadilisha njia kwa sababu wakulima na wafanyabiashara walikuwa na haraka ya kufika sokoni.

Haraka hiyo haijaisha. Ndiyo habari yote ya matunda mabichi, na ndiyo inayoniuma kila ninapofikiria maembe yanayooza chini ya miti ya Tana kila msimu huku mtu wa Muscat au Hamburg akilipa bei ya juu kwa embe moja.

Je, wajua ni embe gani linatakiwa ng'ambo? Inategemea ng'ambo ipi. Ngowe, embe refu lenye ncha iliyopinda, limeizoea Lamu na pwani yote kwa vizazi. Nyuzi zake ni chache na rangi yake ikiiva huwa ya manjano hadi chungwa. Apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, linasemekana kuanzia karibu na Malindi, na ndilo lililoenea zaidi katika mashamba ya biashara ya Kenya. Haya mawili yana wateja katika nchi za Ghuba. Mnunuzi wa Ulaya mara nyingi huuliza Kent, Keitt au Tommy Atkins, na yote matatu yalianzia Florida, Marekani.

Tommy Atkins lina kisa chake. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa maembe wa Florida walilikataa zaidi ya mara moja: walisema lina nyuzi nyingi na ladha yake ni ya kawaida. Wakulima wakalipanda hata hivyo, kwa kuwa ngozi yake ni ngumu, rangi yake inavutia na halichubuki upesi njiani. Leo ni miongoni mwa maembe yanayosafirishwa zaidi duniani. Mlaji wa dukani hununua kwa macho kwanza, na katika biashara hii tunda linalofika salama hulishinda tunda tamu linalofika limepondeka. Embe la Tana la aina ya ngowe au boribo ni tamu kuliko hilo mara nyingi, nami sioni haya kulisema. Kazi iko kwenye kulifikisha.

Je, wajua kwamba kalenda ya Hijria kwa sasa inamfaa mkulima wa Tana? Nchi za Ghuba, yaani Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar, ndizo wanunuzi wakubwa wa maembe mabichi ya Kenya. Katika mwezi wa Ramadhani matunda hutakiwa sana huko, maana hakuna futari isiyo na tunda au juisi. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2023 ilianza katika siku za mwisho za Machi. 2024, karibu na tarehe 11 Machi. 2025, mwanzoni mwa Machi. 2026, katikati ya Februari. Msimu mkuu wa maembe ya pwani ni Novemba hadi Machi. Kwa hiyo mfungo umeingia ndani ya msimu wetu na utabaki humo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2030 Ramadhani itaandama mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa kawaida, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mara zote mbili miembe ya Tana itakuwa na matunda.

Tena, Alphonso la India, mpinzani mkubwa katika masoko ya Dubai, huanza kuiva kwa wingi Aprili. Desemba hadi Februari soko la Ghuba linatafuta embe, na meli ya kutoka Mombasa haihitaji kuzunguka dunia kulifikia.

Je, wajua kwamba mdudu mdogo tu ndiye aliyefunga mlango wa Ulaya kwa miaka saba?

Jina lake la kitaalamu ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa Asia. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye makao Nairobi, walimgundua kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, papa hapa pwani ya Kenya. Mwaka 2005 akapewa jina Bactrocera invadens kwa kudhaniwa kuwa spishi mpya. Mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni yule yule wa Asia. Kwa muda mfupi alikuwa ameenea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, na kila alipofika alimsukuma kando nzi wa kienyeji aliyekuwa akisumbua maembe kabla yake.

Anafanyaje kazi? Jike hutoboa ngozi ya embe linalokaribia kuiva na kutaga mayai chini yake. Alama ni nukta ndogo sana. Mvunaji mwenye pupa haioni. Mayai huanguliwa, funza hula nyama ya embe ndani kwa ndani, kisha embe likianguka hutoka na kujichimbia ardhini karibu na shina. Humo hugeuka nzi na kuanza upya. Embe lililoonekana zima Nanighi linaweza kufunguliwa na mkaguzi Amsterdam likiwa na funza, na funza mmoja anatosha kukataliwa kwa shehena nzima.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kenya ilipoona shehena zake zinanaswa mara kwa mara, ilisimamisha yenyewe mauzo ya maembe kwenda Umoja wa Ulaya mwaka 2014, kabla ya kufungiwa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, Umoja wa Ulaya uliyafungia maembe ya India, Alphonso likiwemo, kwa sababu hiyo hiyo ya nzi. Sasa linganisha. India ilikuwa na mitambo ya kuyatibu maembe kwa joto na ukaguzi ulioimarishwa upesi. Januari 2015 Ulaya ilikubali kuyarudisha. Kenya ilirudi mwaka 2021. Nzi ni mmoja na sheria ni moja, lakini wao walikaa nje miezi tisa, sisi miaka saba. Naamini tofauti hiyo ndiyo kila kaunti yenye miembe inapaswa kuijadili katika kikao chake cha bajeti.

Je, wajua embe hutibiwaje? Kwa maji ya moto tu, bila dawa. Huzamishwa kwenye maji ya takriban nyuzi 46 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja, kulingana na aina na ukubwa, kisha hupozwa. Joto hilo huua yai na funza bila kulipika tunda, ila likizidi kidogo embe huharibika, likipungua funza hubaki hai. Kinachotakiwa ni mtambo wa kupima kwa uangalifu, umeme usiokatika na maji safi. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, embe haliingii Umoja wa Ulaya bila uthibitisho kwamba limetoka eneo lisilo na nzi hao au shamba lililodhibitiwa na kukaguliwa, au limepitia tiba inayokubalika.

Dawa ya shambani nayo ipo, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha nyingi. Okota kila embe lililoanguka, kila siku. Lizike kwa kina kirefu, au lifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani mpaka funza wafe. Tundika mtego wenye methili-eujenoli, harufu inayowavuta nzi dume, na chambo cha protini kwa ajili ya majike. Lakini shamba moja haliwezi peke yake. Nzi wa kwa jirani asiyeokota huruka hadi kwako, na ndiyo maana kaunti zilizofanikiwa, Makueni ikiwa mbele, ziliwaunganisha wakulima wa eneo zima.

Icipe waliongeza jambo lingine zuri. Kuanzia mwaka 2006 waliachilia nyigu wadogo walioletwa kutoka Hawaii, mmoja hutaga ndani ya yai la nzi, mwingine ndani ya funza, na nzi hafiki ukubwani. Wakatumia pia hema ambalo maembe yaliyooza hutupwa ndani: matundu ya wavu wake humzuia nzi kutoka, lakini nyigu mdogo hupenya na kurudi shambani kuendelea na kazi.

Na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani na kukung'ata unapopanda mti? Wengi huwachoma. Usiwachome. Katika minazi ya Zanzibar na pwani ya Kenya wamejulikana tangu miaka ya 1950 kuwa walinzi dhidi ya kunguni wa nazi, na majaribio ya Afrika Magharibi yalionyesha kwamba mwembe wenye maji moto hupata nzi wachache wa matunda. Kero yao ni ya saa moja wakati wa kuvuna, na faida yao ni ya msimu mzima.

Je, wajua ni matunda matano tu yanayoruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea? Nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Mengine yote, tangu tarehe 14 Desemba 2019, lazima yaje na cheti. Kwa Kenya kinatolewa na KEPHIS, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996. Angalia orodha hiyo tena. Mawili kati ya matano hayo, nazi na ndizi, yamejaa delta ya Tana.

Kuhusu ndizi, jirani yetu ana historia ambayo watu wachache huifahamu. Wakati wa ukoloni, Waitaliano walilima ndizi kwenye mabonde ya Shabelle na Juba nchini Somalia, mito inayofanana na Tana kwa tope lake na jua lake. Mwaka 1935 serikali ya Italia iliunda shirika la kuhodhi biashara hiyo, Regia Azienda Monopolio Banane, na kifupi chake, RAMB, kikawa jina la meli nne za friji zilizojengwa kubeba ndizi kutoka Afrika Mashariki hadi Italia. Ramb I ikageuzwa kuwa meli ya vita na kuzamishwa karibu na Maldivi Februari 1941. Ramb II ilitoroka hadi Japani. Ramb IV ikawa hospitali, ikatekwa na Waingereza. Na Ramb III? Baada ya vita ilifufuliwa Yugoslavia, ikapewa jina Galeb, ikawa meli ya Rais Tito. Ndani yake aliwapokea wakuu wa nchi na kuzunguka Afrika na Asia. Chumba kilichowahi kujengwa kwa ajili ya ndizi za Juba kilikuja kubeba mazungumzo ya nchi zisizofungamana na upande wowote.

Ndizi za Somalia ziliendelea kuuzwa Italia miongo kadhaa baada ya uhuru, hadi vita vya miaka ya 1990, ambapo hata kampuni mbili za kigeni ziligombania mashamba na bandari kwa bunduki za wenyeji. Naikumbusha habari hii kwa sababu inathibitisha jambo moja: bonde la mto katika nchi kame ya Afrika Mashariki liliwahi kulisha soko la Ulaya kwa miaka mingi. Haijawahi kuwa ndoto. Ila faida ilikwenda kwa aliyemiliki meli.

Je, wajua kwamba embe huugua baridi? Liweke kwenye friji ya nyuzi 5 na ngozi itafanya madoa ya kijivu, nyama itakataa kuiva sawasawa. Embe husafiri vizuri kati ya nyuzi 10 na 13, ndizi karibu 13 au 14, na parachichi la Hass karibu 5. Ndiyo sababu matunda haya matatu hayapakiwi pamoja katika kontena moja, hata kama yametoka shamba moja. Zaidi ya hayo, ndizi na embe linaloiva hutoa gesi ya ethilini inayoamsha matunda mengine kuiva. Kontena moja lenye embe lililotangulia kuiva linaweza kufika bandarini limekwisha lote.

Vuna saa ngapi? Hapa kuna mvutano wa kweli. Alfajiri embe ni baridi na lingefaa, lakini wakati huo utomvu ni mwingi na una nguvu. Ukikata kikonyo karibu na tunda, utomvu huruka na kuunguza ngozi. Alama nyeusi hutokea siku mbili baadaye, embe likiwa tayari kwenye katoni. Vuna baada ya umande kukauka na kabla ya jua kuwa kali. Acha kikonyo kirefu, shusha embe kwa ngoe yenye mfuko badala ya kulitikisa chini, kisha kata kikonyo kivulini na uliinamishe utomvu uchuruzike. Usirundike juani. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, tunda hupumua mara mbili au zaidi kwa kasi, na kupumua huko ni uhai linaoutumia kabla ya kufika. Saa tatu juani Nanighi zinaweza kuwa siku nzima iliyopotea rafuni Doha.

Je, wajua maana ya namba 8, 10 au 12 kwenye katoni ya maembe? Katoni ya kawaida hubeba kilo 4, na namba ni idadi ya maembe ndani yake. Namba 8 ni maembe ya karibu nusu kilo kila moja; namba 10, gramu 400; namba 12, karibu gramu 330. Mkulima akiyajua haya anaweza kuyapanga kwa mikono yake kabla dalali hajafika. Dalali anayenunua mti mzima ukiwa bado na maua, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za pwani, huwa ameshafanya hesabu hiyo kichwani.

Je, wajua kiwango cha dawa kinachoruhusiwa? Kwa dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu, Ulaya huruhusu miligramu 0.01 tu kwa kila kilo ya tunda. Hesabu hiyo ni sawa na gramu moja katika tani 100. Klopirifosi, dawa iliyokuwa ya kawaida katika mashamba yetu, ilifutiwa kibali huko mwaka 2020. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa dukani, uliza ndani yake kuna kitu gani, kisha andika tarehe uliyopuliza. Daftari lile la mkulima ndilo linalofuatwa na mkaguzi kutoka kwenye katoni hadi kwenye mti.

Kenya ilikwisha kujifunza hilo kwenye parachichi. Afrika Kusini ilifunga soko lake kwa parachichi la Kenya mwaka 2007 kwa hofu ya nzi huyo huyo. Miaka kumi na mitatu baadaye Kenya ilikuwa imeipita Afrika Kusini kwa mauzo ya nje ya tunda hilo. Kilichosaidia ni pamoja na kufunga uvunaji wa kuuza nje katika miezi ambayo matunda hayajakomaa, na kukubali kukaguliwa. China, iliyokuwa imeruhusu kwanza parachichi lililogandishwa, ilipokea shehena ya kwanza ya parachichi bichi la Kenya mwaka 2022.

Je, wajua kwamba vita vya mbali hufika kwenye mti wako? Mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi ziendazo Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya matunda kutoka Mombasa ikarefuka kwa wiki kadhaa na nauli ikapanda. Meli inayokwenda Salalah au Muscat haipiti mlango wa Bab el-Mandeb hata kidogo. Hiyo ni sababu nyingine ya kulitazama soko la Oman, ambako isitoshe kuna maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili na wanaolijua embe la pwani kwa jina.

Lakini kabla ya bahari kuna barabara. Kutoka Nanighi, lori hupita Hola, Garsen na Malindi hadi Mombasa, mamia ya kilomita. Mwezi Novemba mwaka 2023, kisha tena mwaka 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Garissa pale Mororo, ng'ambo ya daraja, na abiria wakavushwa kwa mashua. Mwezi Novemba ni mwanzo wa msimu wa maembe. Embe haliwezi kungoja maji yapungue.

Je, wajua kwamba kutoka Garsen, Lamu iko karibu nusu tu ya umbali wa Mombasa? Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu imetiwa lami, na gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Bandari peke yake haimtoshi mkulima, maana anahitaji plagi za kontena za friji zenye umeme wa uhakika na meli inayopita kwa ratiba, ili ajue kwamba embe lililovunwa Jumatatu litaondoka Alhamisi. Hili ndilo ningeliomba kabla ya kiwanda chochote cha juisi: banda la kufungashia lenye chumba cha baridi na tangi la maji ya moto, karibu na Garsen au Hola, likimilikiwa na ushirika wa wakulima wenyewe.

Kuhusu ushuru, mlango uko wazi. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Embe la Kenya huingia bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Uingereza ina mkataba wake na Kenya tangu 2021.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya maembe ya Kenya hupotea baada ya kuvunwa, na kwamba yanayouzwa nje yakiwa mabichi ni sehemu ndogo sana ya mavuno? Hata shamba bora halitoi maembe ya katoni pekee. Kwa kila embe la namba 10 yako mengine madogo, yenye kovu, au yaliyokomaa mno. Hayo ni ya soko la Garissa, ya juisi, ya kukausha. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa vizuri hukaa miezi, halihitaji friji, na huvuka bahari bila kuogopa nzi. Ibn Battuta alionyeshwa suluhisho la aina hiyo Mogadishu, siki ikifanya kazi ya jua.

Na la mwisho, je, wajua huhitaji kung'oa mwembe wa babu ili upate Kent au Apple? Mwembe uliotoka kwenye kokwa hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mche uliopandikizwa huanza mwaka wa tatu au wa nne. Mwembe mkongwe hukatwa matawi kabla ya mvua, machipukizi mapya hupandikizwa vikonyo, yaani vijiti, vya aina inayotakiwa, na kwa kuwa mizizi tayari iko kwenye maji ya Tana, mti hurudi kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Acha tawi moja la zamani bila kukatwa, liendelee kuulisha mti hadi vikonyo vishike. Vikonyo vichukuliwe kwa mti unaozaa sana na usio na ugonjwa, vifungwe kwa karatasi yenye unyevu, na vipandikizwe siku hiyo hiyo au kesho yake.